Kurudisha Mkono na Nguvu baada ya Matibabu ya Saratani ya Titi: Mwongozo wa Nyumbani kwa Watu wa Mtwara na Lindi

Mgonjwa akirudi Newala au Kilwa baada ya upasuaji wa titi, kemo (dawa za kuua saratani) na mionzi, ndugu huwa wanajua jambo moja la kufanya: kumkalisha. Mkeka unatandikwa kivulini, ndoo inaondolewa mkononi mwake, na kila akitaka kuinuka anaambiwa, "Shangazi, kaa tu, tutafanya sisi." Huruma hiyo ni ya kweli, na siku za mwanzo inahitajika. Ikiendelea kwa miezi inamdhuru. Bega linakakamaa, misuli inaisha, mkono unavimba bila mtu kugundua, na uchovu uliodhaniwa utaondoka kwa kulala unazidi kwa kulala huko huko.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa huyo pamoja na mtu anayeishi naye nyumba moja. Nimekaa zaidi kwenye saratani ya titi kwa sababu mkono unapotea kwa kuachwa tu, na unarudi kwa kazi ndogo ya kila siku. Mbele kidogo nimewagusia wagonjwa wa saratani nyingine. Maneno ya daktari aliyekutibu yanabaki juu ya haya yote.

Hatua ya 1: Kabla hujapanda basi la kurudi kusini

Kwa wengi wetu, mionzi maana yake ni kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kukaa huko wiki kadhaa. Usiondoke bila majibu ya maswali haya, yakiwa yameandikwa kwenye daftari: Tezi za kwapani zilitolewa, na ni upande gani? Nilipewa dawa gani za kemo? Moyo wangu ulipimwa? Kuna mfupa ambao saratani imeufikia? Naruhusiwa kunyanyua nini, kuanzia lini?

Kila jibu lina kazi yake. Doxorubicin, ile dawa nyekundu, inaweza kudhoofisha moyo. Paclitaxel mara nyingi huacha ganzi miguuni. Mfupa ulioingiwa na saratani unaweza kuvunjika kwa mzigo ambao mtu mwingine angeubeba bila kufikiri. Mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, wa Masasi au Lindi mjini akisoma ukurasa huo mmoja, anajua pa kuanzia. Omba pia mtaalamu wa huko akuonyeshe mazoezi yako kwa vitendo, na mwombe ruhusa umrekodi kwa simu. Mtu wa Liwale au Nanyumbu hawezi kusafiri kila wiki kwenda kukumbushwa, lakini video anaitazama hata mara mia.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 550 hadi Mtwara, siku nzima kwenye kiti. Saratani na baadhi ya dawa zake huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, kwa hiyo usikae kimya na miguu. Kila nusu saa pandisha na ushushe nyayo mara 20, na basi likisimama, iwe Nangurukuru au popote, shuka utembee. Kunywa maji. Najua akina mama wengi hujinyima maji safarini kwa kuogopa choo, ila kwa mgonjwa huyu kujinyima huko kuna hatari. Ni bora kumwambia kondakta mapema kwamba una mgonjwa. Mkanda wa kiti ukigusa kidonda, weka mto mdogo au kanga iliyokunjwa katikati. Mizigo abebe mwingine.

Hatua ya 2: Zijue siku za kutofanya mazoezi

Homa ya nyuzi joto 38 au zaidi wakati wa kemo ni dharura, usiku au mchana. Kinga inakuwa imeshuka, na kununua dawa ya malaria dukani kisha kungoja asubuhi kunaweza kugharimu maisha. Nenda hospitali, na neno la kwanza kusema mapokezi liwe kwamba uko kwenye kemo.

Acha mazoezi na uende hospitali pia ikiwa mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu, pumzi imekata ghafla, kifua kinauma, au unatokwa damu bila sababu. Maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea au mkojo kutoka wenyewe hayasubiri kliniki ya wiki ijayo. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na saa zinazopita ndizo zinazoamua kama mtu atatembea tena.

Ukiharisha au kutapika sana, pumzika siku hiyo. Ukiambiwa damu yako imeshuka mno, muulize daktari kwanza.

Hatua ya 3: Fungua bega

Siku za kwanza, mrija wa kutolea maji ukiwa bado kifuani, mkono usitundikwe kana kwamba umevunjika. Utumie kula, kunawa uso, kuchana nywele. Mara tatu kwa siku fumba na ufumbue ngumi, kunja na unyooshe kiwiko, zungusha mabega kwenda nyuma, kila moja mara kumi, kisha vuta pumzi ndefu mara chache. Kwa wiki hiyo ya kwanza kiwiko kisipande juu ya usawa wa bega.

Kati ya siku ya 7 na ya 10, daktari akiridhika na kidonda, ndipo kunyoosha kunapoanza. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, wanawake 392 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kupata shida ya bega. Walioongozwa na mfiziotherapia kuanzia siku hizo walikuwa na mkono unaofanya kazi vizuri zaidi, na maumivu madogo zaidi, baada ya mwaka mmoja, kuliko waliopewa maelezo ya kawaida tu. Kwa hiyo anayekuambia usubiri mpaka kila kitu kipone kabisa ndipo unyooshe mkono, mshukuru, lakini usimfuate.

Fanya haya mara mbili kwa siku. Baada ya kuoga ni wakati mzuri, mwili ukiwa umelegea.

*Mpini.* Lala chali mkekani, magoti yamekunjwa. Shika mpini wa jembe au fimbo kwa mikono miwili, uupandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, mkono mzima ukiusaidia ule mwingine. Ukisikia ngozi inavutika, tulia hapo, hesabu hadi tano, shusha. Mara tano hadi saba.

*Viwiko.* Ukiwa bado umelala, weka mikono nyuma ya shingo, viwiko vikitazama juu. Viachie vifunguke polepole kuelekea mkekani, kisha virudishe.

*Ukuta.* Simama ukiutazama ukuta, vidole vipande kidogo kidogo mpaka mwisho wa uwezo wako wa siku hiyo. Weka alama ya mkaa. Kesho usilazimishe kuipita, ifikie tu. Alama hizo zikipanda ndani ya wiki mbili tatu, hata ndugu mwenye wasiwasi ataona kwa macho yake kwamba mkono unarudi.

*Mabega.* Kaa kwenye kigoda, mgongo wima, vuta mabega nyuma mpaka mifupa ya mgongoni ikaribiane, achia. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini wengi baada ya kukatwa titi huanza kuinama mbele, kwa maumivu au kwa aibu ya kifua kuonekana, na mwili unazoea mkao huo. Kaa wima, mama. Kifua chako hakina cha kuficha.

Kipimo cha maumivu ni hiki: kuvutika ni sawa, kuchomwa si sawa. Maumivu yakibaki mpaka kesho yake, punguza idadi kwa nusu, usiache.

Wiki chache baada ya upasuaji unaweza kuona kitu kama kamba chini ya ngozi, kinatoka kwapani kwenda kiwikoni. Wengi huogopa kwamba saratani imerudi. Hali hii ni ya kawaida baada ya tezi za kwapani kuguswa, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya miezi kadhaa ukiendelea kunyoosha. Mwonyeshe mtaalamu aithibitishe, na usimruhusu mtu aivute kwa nguvu ili aikate.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Kwenye mashine ya mionzi ya titi, mgonjwa hulala akiwa ameinua mkono juu ya kichwa na kutulia hivyo. Bega lisilopanda linaweza kuchelewesha matibabu yenyewe. Na mionzi ikiisha, kazi haijaisha: ngozi na nyama ya kifua huendelea kukaza kwa miezi, hata miaka. Ukifika usawa wa mkono mwingine, punguza hadi mara moja kwa siku, lakini endelea kwa angalau miaka miwili.

Hatua ya 4: Linda mkono usivimbe, na ukivimba usiufiche

Kwapani kuna tezi zinazopitisha maji ya limfu yanayotoka mkononi. Zikitolewa au kuchomwa na mionzi, maji hayo yanakuwa kwenye mtaro uliozibwa nusu: mvua ndogo inapita, mvua kubwa inafurika. Kwa waliotolewa tezi nyingi za kwapani, takriban mmoja kati ya watano huvimba mkono. Wengi huvimba ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, ila inaweza kutokea hata baadaye, mtu akiwa amekwishasahau.

Huku kwetu uvimbe huo una tatizo la ziada. Mtwara na Lindi tumeishi na matende na mabusha kwa vizazi, kwa hiyo mkono ukivimba mtaani watasema ni matende, wengine watasema umerogwa. Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Huu wa saratani hauna mbu ndani yake. Ila kuna faida moja: utunzaji ni ule ule unaofundishwa wagonjwa wa matende. Osha mkono kila siku kwa sabuni na maji safi. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta ngozi isipasuke. Kila jeraha dogo lisafishwe siku hiyo hiyo. Inua mkono unapopumzika, na uutumie. Ukimkosa mtaalamu wa saratani karibu, mhudumu anayejua kuwafundisha watu wa matende anaweza kukusaidia sana.

Pima kabla ya kuvimba. Chukua futi ya fundi cherehani, upime mikono yote miwili kwenye kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake. Andika na tarehe. Rudia kila mwezi, saa ile ile ya siku. Mkono unaoutumia zaidi unaweza kuwa mnene kidogo tangu mwanzo, ndiyo maana vipimo vya kwanza ni muhimu. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2, au mkono ukihisi mzito, au bangili na pete vikianza kubana, nenda hospitali mwezi huo huo. Uvimbe wa mwanzo, ambao ukiubonyeza unabonyea, hupungua kwa bandeji maalumu na soksi ya mkono ya kubana. Ukikaa mpaka ukawa mgumu, unabaki. Bandeji hiyo ifungwe kwanza na mtu aliyefundishwa. Ikibana juu kuliko kiganjani, inaongeza tatizo.

Mambo matatu nayasisitiza kwa sababu yanafanyika kila mara, tena na watu wanaompenda mgonjwa. La kwanza ni kukanda. Kumkanda mzazi aliyetoka kujifungua ni jambo letu, lakini mkono huu usikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu. Joto kali huongeza maji, na ngozi iliyopigwa mionzi inaungua kirahisi. La pili ni chale. Mkono huu ukichanjwa, vijidudu vinaingia, na maambukizi yake husambaa haraka. Mkono ukiwa wa moto, ukiuma, ngozi iking'aa au kubadilika rangi, na homa juu, unahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo. La tatu ni kubangua korosho kwa mikono mitupu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza hata ngozi nzima. Kama kubangua ndiko kunakoleta chakula nyumbani, vaa glavu zisizopitisha mafuta, au omba kazi ya kumenya na kuchambua zilizokwisha kubanguliwa.

Kipimo cha presha, dripu na sindano viende mkono mwingine kila inapowezekana. Sema mwenyewe, usisubiri kuulizwa.

Hatua ya 5: Uchovu unatibiwa kwa kutembea

Uchovu wa saratani si uvivu, na ndugu wanaomsema mgonjwa kwa hilo wanamwonea. Ni uchovu usioisha kwa usingizi. Kwanza ondoa sababu zinazotibika: pima wingi wa damu, pima malaria, sema kama hulali au una huzuni isiyokwisha. Baada ya hapo, kitu chenye ushahidi mzuri kuliko vingi ni mwendo. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2019 ni dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili, kwa angalau wiki 12.

Usianze na 30. Anza na dakika tano hadi uzio wa jirani na kurudi, baada ya swala ya alfajiri au jioni jua likiwa limepoa, kwa sababu joto la pwani humaliza nguvu za mgonjwa haraka. Kila wiki ongeza dakika mbili tatu. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Siku mbaya, zile mbili tatu baada ya dripu ya kemo, fanya nusu. Jambo ambalo ndugu anaweza kulifanya vizuri kuliko daktari yeyote ni kutembea naye.

Nyumbani, kaa kwenye kiti cha mbao na uinuke bila kushika, mara tano, ukielekea mara kumi. Misuli ya mapaja ndiyo inayokuwezesha kwenda chooni usiku bila kuanguka.

Chakula kifuatane na kazi hiyo. Muhogo na ming'oko hujaza tumbo, lakini msuli unataka samaki, dagaa, mayai, mbaazi, kunde, na korosho zenyewe.

Kwa waliotibiwa saratani ya utumbo mpana kuna habari kubwa zaidi. Utafiti wa wagonjwa 889 uliotangazwa mwaka 2025 uliwafuata watu baada ya kemo. Waliofuata mpango wa mazoezi kwa miaka mitatu, asilimia 80 walikuwa bila ugonjwa kurudi kufikia mwaka wa tano, dhidi ya asilimia 74 ya waliopewa vijitabu tu. Nauweka hapa kwa ajili ya wanaosema mazoezi ni starehe ya wazima.

Hatua ya 6: Ganzi ya miguu na vidole

Ganzi iliyoachwa na kemo kwa wengi hupungua kwa miezi, kwa wengine hubaki kidogo. Wakati inaendelea, macho yafanye kazi ya ngozi. Kagua nyayo kila usiku. Vaa viatu vilivyofunika, hata kwenda uani. Joto la maji lipime kwa kiwiko cha mkono ambao haukufanyiwa upasuaji. Sufuria ya kwenye mafiga ishike kwa kitambaa, hata kama unaona haichomi. Ili mwili usiyumbe, simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, sekunde kumi, ukiongeza hadi 30, kisha mwingine. Uwe na tochi karibu na kitanda.

Saratani nyingine, kwa ufupi

Waliopata mionzi ya mlango wa kizazi wanaweza kuvimba miguu. Utunzaji ni ule wa hatua ya 4. Njia ya uke pia inaweza kusinyaa na kufanya hata uchunguzi wa baadaye kuwa mgumu. Kuna vifaa vya kuitanua taratibu. Mwulize muuguzi wa kike waziwazi lini uanze, maana jambo hili wengi hurudi nalo nyumbani wakiwa kimya. Wa koo na mdomo wafungue kinywa hadi mwisho mara kadhaa kila siku, wapime ni vidole vingapi vinaingia kati ya meno. Vikipungua chini ya vitatu, watafute msaada. Wanaume wanaotumia dawa za homoni kwa tezi dume hupoteza msuli na mfupa, hivyo hatua ya 5 ni yao pia.

Hatua ya 7: Kurudi kwenye ndoo, kinu na shamba

Wanawake wengi huambiwa wasibebe kitu kizito maisha yao yote. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono. Walionyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na wakivaa soksi ya kubana, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na uvimbe wao ulizidi ghafla mara chache zaidi. Kinachoumiza ni kuruka kutoka kitandani hadi ndoo ya lita 20.

Wiki sita hivi baada ya upasuaji, ukiruhusiwa, anza na chupa ya nusu lita iliyojaa maji, ambayo ni nusu kilo. Inyanyue mara kumi, mara mbili kwa wiki. Mkono ukitulia kwa wiki mbili, nenda kwenye lita moja, kisha lita moja na nusu, hivyo hivyo hadi kidumu cha lita tatu, halafu tano. Ndoo ya kichwani ije mwisho, iwe ya lita kumi, na mtu akutwike na akutue, kwa sababu kuipandisha kichwani ndiko kunakovuta bega kuliko kuibeba. Kinu twangeni wawili, mkipokezana. Kibao cha mbuzi, nazi nusu kisha pumzika.

Shambani vaa mikono mirefu na glavu, hasa wakati wa kupulizia mikorosho salfa. Msimu wa kuokota ukianza, Oktoba hivi, usiingie kwa siku nzima. Wiki ya kwanza saa moja asubuhi, ukibadilisha mkono unaookotea, na gunia abebe mwingine. Pima mkono kila jioni wiki hiyo badala ya kila mwezi. Ukiongezeka na usirudi baada ya usiku mmoja wa kuuinua, punguza saa za kazi. Na ukizidi zile sentimita 2, panda gari uende kwa mfiziotherapia wa hospitali, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, popote palipo karibu nawe, ukiwa na daftari lako la vipimo, hata kama korosho bado ziko chini ya miti.